Mnara, Mwambie Mama

Kazi yangu ilikuwa kuwasha taa jioni na kuizima asubuhi. Cheo nilichoingia nacho ndicho nilichotoka nacho, na mshahara haukuwa wa kumsimulia mtu, kwa hiyo mambo hayo mawili nimeyamaliza hapa hapa. Nawaandikia ninyi vijana mliobaki kwenye idara, hasa yule ambaye siku moja atapelekwa kutunza taa mahali asipopajua, akadhani amepewa adhabu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Mnara wenyewe ulikuwa ukingoni mwa Ziwa Rukwa, upande wa Ivuna, juu ya kilima kidogo cha mawe. Ulijengwa na Wajerumani kabla ya vita vyao, kwa sababu ambayo sikupata mtu wa kunieleza sawasawa. Wengine walisema ulikuwa wa kulinda chumvi, wengine walisema bwana mmoja alitaka mahali pa kupunga upepo. Mwingereza alipoingia aliukuta umesimama, akauwekea taa juu kwa ajili ya mitumbwi iliyoleta samaki kutoka ng'ambo na kurudi na chumvi yetu. Msije mkafikiria meli. Meli sijaiona mpaka leo.

Nilizaliwa Mbozi, juu kwenye baridi, kwa wakulima wa mahindi na ulezi. Siku niliyoshuka kwenda kuanza kazi, kila nilipozidi kuteremka joto lilinipokea zaidi, na nilipofika chini kabisa shati lilikuwa limeganda mgongoni. Kichwani nilikuwa na picha ya mnara mkubwa unaogusa mawingu. Nilichokikuta ni kitu cha mawe chenye kimo cha miti ya kawaida, kimejaa mavi ya ndege upande mmoja, na mzee mmoja mrefu amekaa mlangoni anachonga kijiti.

Huyo alikuwa Mzee Silwamba, Mnamwanga wa upande wa Tunduma, mtunza taa wa kwanza. Wakati wa vita aliwahi kubeba mizigo ya wanajeshi mpaka kucha za miguu zikamwishia. Hakuniuliza jina wala habari za nyumbani.

"Umeleta sabuni?" aliniuliza.

Nikasema sikuleta.

"Basi umeleta nini?"

Nilijifunza kwamba taa ni kioo kwanza, mafuta baadaye. Tulisugua vioo kwa majivu yaliyochekechwa, tukasuuza, tukakausha kwa kitambaa cha zamani kisichoacha nyuzi. Nyuma ya taa kulikuwa na sahani kubwa ya bati lililong'arishwa, ya kuusukuma mwanga uende ziwani, na hiyo tuliing'arisha mpaka nikaona kila chunusi ya uso wangu. Mbele, idara ilikuwa imeweka kioo cheupe katikati na vioo vyekundu pande mbili. Maana yake ilikuwa rahisi. Ziwa lile halina kina, na pale mbele ya kilima viboko walikuwa wamejaa kushoto na kulia, wakaacha njia moja tu ya maji katikati. Mwenye mtumbwi akiona taa nyeupe yuko njiani. Akiona nyekundu, ameingia kwa viboko, na inambidi ageuke kabla wenyewe hawajamgeuza.

Mzee Silwamba alikuwa na desturi moja iliyonichekesha mwanzoni. Alikuwa anaisema kazi yake kwa sauti, neno kwa neno, kila jioni, kana kwamba kuna mtu anamwandika. "Nafungua mlango wa kioo. Natoa chemni kwa kitambaa. Nakata utambi, pembe zote mbili. Natia mafuta, siyo mpaka juu. Nawasha. Narudisha chemni. Utambi chini, nasubiri kioo kipate joto. Sasa napandisha, pole pole." Nilipomuuliza kwa nini anapiga kelele na sisi tupo wawili tu, alisema akinyamaza anasahau, na mtu aliyesahau kusubiri kioo kipate joto atabaki na vipande vya chemni, kile kioo cha kufunika moto, mkononi na ziwa zima gizani. Alinilazimisha niseme na mimi. Nikaona haya wiki za mwanzo, kisha nikazoea, na alipostaafu akarudi kwao Tunduma niliendelea kusema peke yangu. Nawashauri na ninyi mseme, hata kama watu watawaona mmerukwa na akili. Nitaeleza chini kwa nini.

Wageni walikuja kuutazama mnara tangu siku zangu za mwanzo. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alikuja na mkewe, mapadri walikuja, walimu walikuja na wanafunzi wao wakiimba njia nzima. Walipanda juu kuwaangalia ndege. Kulikuwa na mwari, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, ambao huvua pamoja kwa mstari na kuzunguka samaki kama wanawake wanaotanda nyavu. Kulikuwa na heroe, wekundu wa miguu, wengi kiasi kwamba ukingo wa ziwa ulibadilika rangi. Lakini kila mgeni, hata yule aliyesema amekuja kwa ajili ya ndege, mwishowe aliuliza viboko wako wapi. Kiboko akitoa kichwa na kupuliza maji puani, watu wazima walishikana mikono.

Ndege walinipa kazi nyingine ambayo haikuandikwa kwenye mkataba. Nyakati za ukungu waliiona taa wakaifuata, wakajigonga kwenye vioo. Asubuhi niliwaokota chini ya mnara, waliokufa nikawafukia, waliozimia nikawaweka kwenye kapu kivulini mpaka wapate fahamu na kuruka. Mke wangu Rebeka alisimama mlangoni mwa jiko akiitazama nyama ile ikipaa, akasema ameolewa na mchungaji wa kuku wa watu wengine.

Rebeka alikuwa binti wa mama mmoja mjane wa Ivuna aliyekuwa anapika chumvi. Wakati wa kiangazi aliteka maji ya chumvi, akayachuja, akayachemsha kwenye vyungu siku nzima, macho mekundu kwa moshi, na chumvi yake ilijulikana mpaka Galula. Jina lake silitaji. Sijalisahau, ila kwetu mwanaume hataji jina la mama mkwe wake, na uzee huu si wakati wa kuanza utovu wa adabu.

Niwaeleze kidogo desturi hiyo, maana vijana wa mjini mmeanza kupeana mikono na wakwe zenu na kula nao meza moja. Wakati wetu mkwe na mama mkwe hawakutazamana. Nikimwona anakuja njiani niliingia majanini nikageuka. Yeye akiniona alijifunika kaniki yake usoni, akapita. Hatukukaa nyumba moja, hatukula mbele ya mwenzetu, hatukusemezana. Ujumbe ulipita kwa Rebeka. Asipokuwepo mtu wa kupitisha, wakubwa waliruhusu uambie kitu chochote kilichopo, na mwenzako asikie kana kwamba ni kwa bahati. Siku moja alisimama nyuma ya banda, akamweleza kuku kwa kirefu kwamba paa la jiko la binti yake linavuja. Kesho yake nililiezeka. Wengine wataona huu ni uadui. Mimi nilijua kwamba naheshimiwa, na nilimheshimu mama yule kupita watu wote.

Alikuwa amezaa watoto wengi na kuwazika wengi. Waliobaki walikuwa wawili, Rebeka na mdogo wake Yoeli. Yoeli alikuwa kijana mwenye mabega, mcheshi, hodari wa mtumbwi, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya kuwapeleka wageni majini kuwaona ndege kwa karibu. Mama hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Alimwambia Rebeka, nami nikasikia, "Mumeo amenichukulia binti, sawa, ndiyo ndoa. Sasa na huyu wa mwisho amempeleka kwa viboko."

Mwaka mmoja alikuja kukaa kwetu, akilala jikoni, kumwona mjukuu aliyezaliwa. Akaomba kitu ambacho sikukitegemea: alitaka kupanda mnarani. Alitaka kuona kutoka juu mahali ambapo mwanawe anafanyia kazi, aone ni mbali kiasi gani na pana kiasi gani, ili akiwa na wasiwasi awe na wasiwasi wa kitu anachokijua. Tukapanga kupitia Rebeka. Mimi nitakwenda Ivuna kuchukua mafuta ya taa baada ya chakula cha mchana. Nikiwa huko, mama atapanda. Atatundika kaniki moja kwenye msumari wa mlangoni, na nikirudi nikaikuta, nitajua yuko ndani, sitaingia. Nisipoikuta, nitaingia. Ngazi za mnara ule zilikuwa nyembamba mno, mtu mmoja na mabega yake, kwa hiyo watu wawili wakikutana lazima wagusane. Mkwe na mama mkwe kugusana lilikuwa jambo ambalo hata kulitaja kulitia kichefuchefu.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, siku za kuchoma mashamba, moshi uko kila mahali. Yoeli alikuwa ametoka majini na mgeni wetu wa kila mwaka, daktari mmoja Mwingereza aliyestaafu, ambaye watu wote walimwita Bwana Ndege. Bwana Ndege alizungumza Kiswahili cha vitabuni na aliwasalimia viboko kwa heshima zote. Walikuwa wamekwenda kuwatazama mwari kwenye kisiwa cha matete, wakiahidi kurudi mapema.

Nilirudi na debe langu jua likiwa limeshuka. Kaniki ilikuwa msumarini. Nikasema moyoni, vizuri, mama bado anaangalia ziwa, hana haraka, na mimi nina muda kidogo. Rebeka hakuwepo, alikuwa amekwenda kisimani na mtoto mgongoni. Nikakaa pembeni mwa ghala la mafuta, nikakohoa kidogo, kwa adabu, ili mama ajue nimerudi na ashuke.

Hakushuka. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Kimya. Nikasogeza debe likapiga kelele. Kimya. Nilianza kufikiri kwamba labda amelala kule juu, au amepata kizunguzungu.

Ukweli wenyewe nilikuja kuujua baadaye, na mpaka leo Rebeka akiusimulia hucheka mpaka anashika mbavu. Mama alikuwa tayari kushuka tangu nilipokohoa mara ya kwanza. Lakini alipokisikia kikohozi, alijua mkwe yuko hapo chini karibu na mlango, na hawezi kutoka mbele yake. Akasubiri niondoke. Kila nilipokohoa ili ashuke, yeye alisikia kwamba bado nipo, akazidi kukaa. Tulikuwa tunapeana heshima, mmoja juu na mmoja chini, na jua linazama.

Kisha upepo ukaja. Wa Rukwa hautoi taarifa. Ulitokea nyuma ya milima ya Ufipa, ukabeba vumbi la ukingo mkavu na majivu ya mashamba, ukalilaza lote juu ya maji. Kutoka nilipokaa sikuliona ziwa tena. Nilisikia mawimbi tu, yale mafupi ya maji yasiyo na kina, yanayopiga moja juu ya jingine. Ilikuwa saa ambayo viboko hutoka majini kwenda malishoni, saa mbaya kuliko zote, na taa yangu ilikuwa haijawashwa. Ndipo nikakumbuka kwamba Yoeli bado hajarudi.

Nikavua viatu, nikaingia, nikaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Niliamua aibu itakuja baadaye, nitailipia kwa mbuzi au kwa chochote. Mara nikasikia juu mlango wa nje ukilia. Mama alikuwa amesikia hatua zangu, na sasa alikuwa anatoka kwenye roshani ya nje inayozunguka mnara, ili nipite ndani bila kukutana naye. Pale nje ukingo wa mbao ulikuwa umeoza, nilikuwa nimefunga kamba tu nikisubiri fundi wa idara ambaye hakuja. Mimi mwenyewe nilipita pale nikiwa nimekumbatia ukuta. Mama yule mzee alikuwa tayari kusimama hapo kwenye upepo ule ili asinivunjie heshima. Nikarudi nje upesi, nikakohoa kwa mbali ajue nimetoka. Sikujua nifanye nini.

Ndipo sauti ikatoka juu.

"Mnara," ilisema. "Mnara, nasema na wewe. Naona mtumbwi. Uko upande wa viboko."

Kule juu alikuwa juu ya vumbi, aliona nisichokiona. Nikaugeukia ukuta.

"Mnara, mwambie mama, ni mtumbwi wa nani?"

"Mnara, mwambie aliyeko chini kwamba mama anamjua mtoto wake hata kwa mgongo. Ni Yoeli. Anazunguka tu, haoni njia. Mzungu wake ameshika kofia kwa mikono yote miwili badala ya kushika kafi."

"Mnara, mwambie mama ajifunike ageukie ukuta, mimi napanda kuwasha taa."

Nikasikia mlango wa nje ukilia tena, amerudi ndani.

"Mnara, ngazi ni nyembamba. Asipande. Mwambie aseme yale anayosema kila siku."

"Mnara, yapi?"

"Zile habari zake na taa. Nazisikia nikiwa jikoni kwa Rebeka, kila jioni. Nilidhani ana kichaa kidogo, nikamwachia Mungu. Sasa aseme, mimi nina mikono."

Basi nikasimama chini ya ukuta ule, nimeinua uso, nikaanza kusema kama alivyonifundisha Mzee Silwamba, nikipaza sauti kushinda upepo.

"Nafungua mlango wa kioo."

"Umefunguka."

"Natoa chemni kwa kitambaa."

"Sikioni kitambaa. Natumia nguo yangu."

"Nakata utambi, pembe zote mbili."

Mkasi ulilia mara mbili, kisha, "Mnara, mwambie mkwe wangu mkasi huu ni butu, ni aibu kwa mtu wa serikali."

"Natia mafuta, siyo mpaka juu."

Nilisikia kopo likigonga. Nikasema nawasha. Kiberiti cha kwanza kilizimika, cha pili kikazimika, nikamsikia akinung'unika kwa Kiwanda, lugha ya kwao, maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasikia. Cha tatu kikashika.

"Narudisha chemni," nikasema. "Utambi chini, nasubiri kioo kipate joto."

"Nisubiri?" Sauti yake ilipanda. "Nisubiri nini? Mtoto yuko kwa viboko. Mmoja ameibuka karibu naye, namwona mgongo."

Mama alikuwa na haki. Mimi pia nilitamani kupiga kelele apandishe. Lakini kichwani nilikiona kioo kile kikipasuka, na chemni nyingine ilikuwa Mbeya.

"Mnara," nikasema, "mwambie mama kioo baridi kikipata moto mkubwa kitapasuka. Kikipasuka, Yoeli hataona kitu. Mwambie namwomba asubiri."

Upepo ulipita kati yetu. Nilifikiri amekataa. Niliogopa siku ile kuliko siku zote nilizoishi kando ya maji yale, nikawaza nitamtazamaje Rebeka akirudi kutoka kisimani.

"Mnara," akasema hatimaye, na nilijua analia, "mwambie nasubiri."

Tukasubiri. Sijui ilikuwa muda gani, kila mtu amesimama na hofu yake, yeye ameshika kigurudumu cha utambi na macho yake ziwani. Nilipoona imetosha nikasema, "Sasa napandisha, pole pole," na juu yangu vumbi likageuka jeupe katikati na jekundu pembeni.

"Mnara, mama anaona nini?"

"Wamesimama. Yoeli ameinua kichwa. Ameiona. Anageuza mtumbwi. Kiboko yuko nyuma yao. Ameshika upondo sasa, anasukuma. Anasukuma. Anasukuma. Kiboko amezama, simwoni."

Nikalishika jiwe la ukuta.

"Mnara," akasema, "wako mahali peupe."

Nilikaa chini pale pale, juu ya majani.

Walifika wakiwa wamelowa mpaka kwenye mifuko. Bwana Ndege alikuwa amepoteza darubini, lakini kofia alikuwa nayo. Akanieleza kwa Kiswahili chake kizuri kwamba kiboko alikuwa amekasirika na kwamba mwari walikuwa wa kupendeza mno. Yoeli alifunga mtumbwi, akanijia akinikunjia uso.

"Shemeji, leo umechelewa. Nilikuwa nimepotea kabisa. Na nilipoiona nyekundu nikajua niko wapi, nikasukuma, lakini taa yenyewe ilikuwa inatetemeka. Ulikuwa umelewa?"

"Sikuiwasha mimi," nikamwambia.

Hakupata kuuliza aliyewasha. Nilikuwa nimesikia hatua za mama kwenye ngazi nikajitoa nyuma ya ghala, na yeye alikuwa amekwisha kushuka, kaniki imemfunika mpaka puani, masizi mikono yote. Alimshika Yoeli sikio, mwanaume mzima yule, akamvuta bila kusema neno mpaka jikoni, na kutoka nilipojificha nilimsikia akilia kwa sauti akimkausha kichwa.

Kwetu kuna njia ya kuimaliza aibu ya mkwe na mama mkwe. Mkwe anatoa mbuzi, ndugu wanakula pamoja, na tangu siku hiyo wanaweza kusalimiana kama watu wengine. Nilitoa mbuzi mwezi ule ule. Mama alimla, akatuma ujumbe kwa Rebeka kwamba mbuzi alikuwa mzee, na jioni iliyofuata, nilipokuwa nashuka baada ya kuwasha taa, nikasikia nje, "Mnara, mwambie mkwe wangu leo utambi ulikuwa na moshi." Mbuzi alikuwa amefungua njia, lakini yeye aliipenda njia yake ya zamani.

Ikawa hivyo miaka mingi. Kila alipokuja kututembelea tulizungumza kupitia mnara, yeye upande mmoja wa ukuta na mimi upande mwingine. Tulizungumza mvua, chumvi, harusi ya Yoeli, homa za watoto. Mtoto wetu wa tatu alipofariki, Rebeka alinyamaza kabisa, na mimi sikuwa na mtu wa kumwambia. Niliuambia ukuta ule. Kutoka upande wa pili mama aliniambia, kupitia mnara, kwamba na yeye alipofiwa na wa kwanza alichemsha chumvi siku tatu bila kujua anachemsha nini, na kwamba haipiti, ila mtu anarudi kuona vyungu vyake. Mambo ambayo sikumwambia mama yangu mzazi niliyasema kwa mawe ya Wajerumani.

Kisha ziwa likaondoka. Wale wa zamani mnajua Rukwa ilivyo, inakuja na kuondoka itakavyo, lakini safari ile ilikwenda mbali. Kila kiangazi maji yalizidi kusogea, yakaacha tope, tope likawa nyufa, nyufa zikaota majani. Mwari walihama. Viboko walijikusanya kwenye madimbwi ya mbali, wageni wakaacha kuja. Niliendelea kuwasha taa juu ya nchi kavu kwa sababu hakuna aliyeniambia niache, na ng'ombe wa wafugaji walikuja kulala kwenye mwanga wake. Mwishowe barua ikaja ya kufunga mnara na kunistaafisha pamoja nao. Nikaipakia taa kwenye sanduku la majani makavu. Chemni ilikuwa ile ile.

Tulipanda kurudi Mbozi. Yoeli, ambaye siku hizi anapakia malori pale Tunduma na kuchanganya Kibemba katika kila sentensi, alitusaidia kujenga. Mama alikuwa amezeeka, macho yamefifia, Rebeka akamchukua aje akae nasi. Tukamjengea nyumba yake ndogo nyuma ya jiko, ya udongo, mlango ukiangalia upande mwingine.

Nawaambia ukweli, nilistaafu wiki zile, wala siyo siku niliyokabidhi funguo. Mama hakusema kitu, na mimi sikujua pa kuanzia. Mnara ulikuwa umebaki bondeni. Nilipita karibu na nyumba yake nikakohoa, naye akanyamaza ndani, kama siku ile, na nikajisikia kama mtu aliyefiwa na mtu ambaye bado yuko hai. Rebeka aliniambia niende tu nikamsalimie, mbuzi si alikwisha kuliwa. Sikuweza.

Juzi jioni Rebeka alikuwa na kazi ya watoto, akaniomba niwashe kandili ya nyumbani. Nilikaa kwenye kigogo nyuma ya jiko na kitambaa changu. Mikono ikaanza, na mdomo ukafuata wenyewe bila mimi kuuambia.

"Natoa chemni kwa kitambaa," nikasema. "Nakata utambi, pembe zote mbili. Natia mafuta, siyo mpaka juu. Nawasha. Narudisha chemni."

Nyuma ya ukuta wa udongo, karibu kabisa na bega langu, kitanda kililia.

"Mnara," ikasema sauti ya mama, nyembamba siku hizi, "mwambie mkwe wangu asisahau kusubiri kioo kipate joto."

Niliweka kiganja changu ukutani. Ulikuwa bado na joto la jua.

"Mnara," nikasema, "mwambie mama nasubiri."